Samatta, Villa Park na Watoto Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa Birmingham kwenye sherehe yetu ya Uhuru)

  

Kamati iliniomba nizungumze na vijana kuhusu kazi, nikajua wanataka niseme habari za uuguzi. Nimekataa. Kila tarehe 9 Desemba tunawaambia watoto wawe manesi na madaktari, nao wanapiga miayo. Leo nitasema habari za kazi ya mshambuliaji. Kina baba wa meza ya nyuma naona mnacheka, nesi na mpira wapi na wapi. Nivumilieni.

Mbwana Samatta ametokea Mbagala. Wengine hapa tumepanda daladala za huko, tunapajua. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe kwenye Klabu Bingwa Afrika. Mazembe ikawafunga, kisha ikamchukua kijana wao. (Watu wa Yanga, nyamazeni.) Alikuwa na miaka 18 alipokwenda Lubumbashi. Watoto mliozaliwa hapa mnadhani kuhama ni kuja Ulaya tu. Yeye alihamia Kongo, kwenye Kiswahili chenye ladha nyingine, akakaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua ubingwa wa Afrika kwa kuifunga USM Alger, na yeye akawa mmoja wa wafungaji bora wa mashindano kwa mabao 7. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Hakuna Mtanzania aliyewahi kufika hapo.

Kutoka huko akaenda Genk, Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa. Mwaka huohuo aliiongoza Taifa Stars kama nahodha kwenye AFCON ya Misri, baada ya nchi yetu kukaa nje ya mashindano hayo tangu 1980. Tulifungwa mechi zote tatu, lakini dhidi ya Kenya alifunga, na ndugu zetu Wakenya mlioko humu mnakumbuka mlivyotupiku 3-2. Novemba akaifunga Liverpool kwa kichwa, pale Anfield. Mume wangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa tunafika nyumbani kwetu. Siku ya mwaka mpya wa 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Wesley, aliumia vibaya goti, kano ikachanika. Sisi wa hospitali tunajua jeraha lile, mtu hakai nje wiki mbili. Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, na tarehe 20 Januari wakamsajili Samatta. Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na hapahapa, ambapo mabasi yetu yanapita! Bendera zilizokuwa kabatini zikatoka. Wamama ambao hawajui kona ni nini walinunua jezi. Mechi yake ya kwanza ya ligi, Bournemouth, akafunga. Tarehe 1 Machi, fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, Manchester City wakiwa mbele mabao mawili, krosi ikaja, Samatta akajitupa na kichwa mpaka wavuni. Villa ilifungwa 2-1, lakini usiku ule mnakumbuka simu zilivyolia kutoka Dar.

Siku kumi na mbili baadaye ligi ikasimamishwa. Yaliyofuata sitayasimulia, tuna watu humu waliozika. Mimi nilikuwa wodini, barakoa imenichora uso. Mpira uliporudi Juni viwanja vilikuwa vitupu, na Samatta hakufunga tena. Mshambuliaji haishi kwa juhudi peke yake, anaishi kwa pasi. Timu iliyo mkiani inajilinda muda mwingi, mipira inayomfikia ni ya kuhesabu, na akikosa mmoja ndio unaorudiwa kwenye televisheni. Mtu ameingia Januari, hajajuana na wenzake, dunia inafungwa Machi. Villa ilibaki ligi kuu kwa pointi moja. Septemba yeye akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Mechi 14 za ligi, bao moja.

Hapo sisi tukafanya nini? Jezi zilirudi kabatini. Kwenye makundi ya WhatsApp tulimwita garasa. Shemeji yangu alilisema neno hilo sebuleni kwetu, mume wangu akacheka, na mimi niliyetoka zamu ya usiku nikachangia: “Garasa kabisa, katuaibisha.” Mwanangu wa miaka 14 alikuwa kwenye zulia anafanya kazi za shule. Alikuwa kwenye akademi ya klabu moja, naye mshambuliaji.

Alipofika miaka 16 ukafika wakati klabu zinaamua nani anaendelea na nani anaachwa. Mimi sikujua kwamba ameshaambiwa. Aliendelea kutoka Jumanne na Alhamisi na begi lake la mazoezi kama kawaida. Nilichokiona mimi ni nguo. Ilikuwa Februari, mvua tupu, na nguo za mazoezi zinakuja kufuliwa hazina hata tone la tope. Wiki ya tatu nikamuuliza. Alikuwa anakwenda kukaa maktaba mpaka saa ya kurudi. Nikasema, baba, kwa nini hukutuambia? Akanijibu, “Sikutaka na mimi niitwe garasa.”

Sikuwa na jibu. Ningesema nini, wakati neno nililisema mimi?

Usiku ule nilimwambia kitu ambacho hata mama yangu Tanga hakukijua. Nilipokuja kusoma uuguzi hapa nilifeli mwaka wa pili, nikaurudia. Nyumbani nilisema chuo kimeongeza mwaka. Usiku nilikuwa nabeba boksi kulipa ada, mchana nalala darasani, na kila Jumapili nampigia mama simu ninamwambia naendelea vizuri. Nilidanganya mwaka mzima kwa sababu nilijua majirani watasema nini. Watu wa ukumbi huu tunajua tunavyomsema mtu aliyerudi nyumbani bila kontena.

Samatta mwenyewe aliendelea na kazi. Antwerp, tena Genk, kisha PAOK ya Ugiriki, ambako walichukua ubingwa 2024, na mwaka 2025 Le Havre ya Ufaransa, akiwa na miaka 32. Nahesabu nchi alizofanyia kazi tangu atoke Mbagala: Kongo, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki, Ufaransa. Sisi tuliomwita garasa, wengi tumehama mara moja tu na tukalia miezi sita.

Nilimwomba mwanangu ruhusa kabla ya kusimama hapa. Akasema, “Sema, mama, ila anza na habari ya kufeli kwako.” Nimeigeuza kidogo, atanisamehe. Anacheza Jumapili na timu ya mtaani, uwanja una mteremko, na narudi kufua tope. Leo ndiye aliyepanga viti mlivyokalia.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, na pilau linanukia.