Malaria Katika Nchi ya Chai: Ulinzi Wetu Uko Wapi?

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya tawi mbele ya wajumbe wa mashamba ya Kericho na Bomet, kabla ya mvua za masika.)



Leo hatukuja kusema habari za shilingi kwa kilo. Habari hiyo ina siku yake, na hatujaisahau. Tumekuja kusema habari ya homa, kwa sababu mtu aliyelala kitandani hachumi hata jani moja, na mtu aliyezikwa hana mkataba wa kutetewa.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba huku juu hakuna malaria. Wazee walisema malaria ni ya ziwani, ya Kano na Nyando, na mtu wa Kericho akitetemeka basi amepigwa na baridi tu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Mashamba yetu mengi yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kijidudu cha malaria ya hatari, kikiwa ndani ya mbu, kinahitaji joto ili kikomae. Joto likiwa digrii 25 za selsiasi, hukomaa kwa siku 12 hivi. Likiwa 20, siku 28. Likiwa 18, siku 55, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Likishuka chini ya 16, hakikui. Basi baridi hii tunayoilaumu asubuhi tukiingia shambani ndiyo iliyokuwa ukuta wetu.

Lakini ukuta huo ulikuwa na nyufa tangu zamani. Makampuni yalipoanza kupanda chai hapa kwa wingi katika miaka ya 1920, watu waliitwa kutoka pande zote, na barabara na mashimo ya matofali yakachimbwa. Mbu wa malaria hupenda maji matulivu yaliyo juani. Katika miaka ya 1940 malaria ya mlipuko ilipiga mashamba haya vibaya. Ikapigwa vita kwa dawa ya kinga, iliyoitwa paludrini, waliyopewa wafanya kazi, na kwa kuwaangamiza mbu. Ikatulia. Katika miaka ya 1960 malaria ilikuwa jambo dogo hapa, na ndipo watu walipoanza kusema kwamba haipo.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyorudi, maana hapo ndipo somo lilipo.

Dawa ya kutibu iliyotegemewa na kila mtu ilikuwa klorokwini. Mwisho wa miaka ya 1950, huko mpakani mwa Kambodia na Thailand, kijidudu cha malaria kilianza kuizoea dawa hiyo. Hakuna mfanya kazi wa Kericho aliyesikia habari hiyo, wala hakuna aliyekuja kutuambia. Lakini kijidudu hakihitaji pasi. Husafiri ndani ya damu ya watu. Mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kimefika Afrika ya Mashariki, na katika miaka ya 1980 na 1990 malaria ilirudi katika mashamba yetu karibu kila mwaka, baada ya mvua kubwa, mwezi wa Mei, Juni na Julai. Mtu alikunywa vidonge vyake, akarudi nyumbani, na homa ikarudi naye. Baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, nchi yote ya milimani magharibi mwa Kenya ililia.

Tena ilikuwa mbaya kwetu kuliko kwa ndugu zetu wa ziwani kwa njia moja. Mtu wa ziwani huumwa na mbu tangu utoto, na asipokufa akiwa mdogo, mwili wake hujifunza kupigana. Mwili wa mtu wa milimani haujajifunza. Kwa hiyo hapa malaria ikija hailazi watoto peke yao; hulaza mchumaji mwenye nguvu, karani, dereva na supavaiza, wote kwa juma moja.

Wataalamu waliozipitia hesabu za wagonjwa wa mashamba ya chai tangu mwaka 1965 walibishana sana. Wengine walisema sababu kubwa ni dawa iliyochoka, kwa kuwa hawakuona hali ya hewa imebadilika. Wengine walisema joto limepanda. Baadaye vipimo vya hewa vya Kericho, vya mwaka 1979 hadi 2009, vilipochunguzwa kwa makini, ilionekana kwamba joto lilikuwa likipanda kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii kila miaka kumi. Mtu atasema hiyo ni kidogo. Mkumbuke hesabu tuliyotoa: kati ya digrii 18 na 20, siku za kukomaa kwa kijidudu hupungua karibu nusu. Ukuta wa baridi hubomoka polepole, kokoto baada ya kokoto.

Mwaka 1998 Serikali iliiacha klorokwini ikachukua dawa nyingine, nayo haikudumu. Mwaka 2004 ikaamua kutumia dawa mseto tunayoijua leo, na mwaka 2006 ikaanza kufika katika zahanati. Pamoja na vyandarua na kunyunyiza nyumba, ugonjwa ulipungua sana. Hiyo ni habari njema, nasi tunaishukuru. Lakini kupungua si kwisha. Tulidanganyika hivyo hivyo katika miaka ya 1960.

Maana leo habari ya klorokwini inataka kurudiwa. Katika Rwanda na Uganda wameonekana wadudu walioanza kuizoea sehemu ya dawa mseto. Safari hii habari haitoki Kambodia. Ni jirani, mwendo wa basi. Tena mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi ya afya, hata ile iliyonunua dawa na vyandarua vya Afrika. Uamuzi ulikatwa Washington, na aliyeuhisi ni mama aliyesimama mbele ya dirisha la zahanati.

Tumeyaona hayo pia wakati wa korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tuliambiwa tukae mbalimbali, tunawe mikono, tusisongamane. Amri ilikuwa ya haki. Lakini katika laini zetu mlikuwa na familia ya watu sita katika chumba kimoja na bomba moja kwa nyumba nyingi. Ugonjwa wa dunia nzima ukifika hapa huuliza maswali yale yale ya chama: nyumba ikoje, maji yako wapi, na akiugua nani atamlipa?

Ndugu wajumbe, hatutataja shamba, lakini jambo hili tumelishuhudia wenyewe. Mama mmoja, mchumaji wa muda, alipata homa. Hakusema, kwa kuwa analipwa kwa kilo, na siku isiyo na kilo haina ugali. Jioni alipotoka shambani zahanati ilikuwa imefungwa. Akanunua vidonge dukani bila kupimwa. Akameza vya siku moja, akapata nafuu, akavifunga vilivyobaki katika kitambaa viwe akiba. Baada ya majuma mawili mtoto wake akaugua. Akafungua kitambaa. Siku ya nne mtoto alipofikishwa hospitali alikuwa amechelewa. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu mama alikuwa shambani.

Hatusemi kosa ni la mama yule. Alifanya hesabu ambayo kila mmoja wetu amewahi kuifanya. Tunasema hesabu ile haikuwa na jibu zuri, na kazi ya chama ni kuibadilisha hesabu.

Basi kamati inaleta mambo manne.

Kwanza, kinga ije kabla ya mvua. Kunyunyiza nyumba mwezi wa Juni, wagonjwa wakiwa wamekwisha jaa, ni kufunga zizi baada ya ng'ombe kuibiwa. Kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe ndani yake. Wajumbe, rudini mkaulize: kamati hiyo ipo? Ilikutana lini? Iliandika nini juu ya mbu, mifereji na vyandarua?

Pili, watu wapimwe kabla ya kupewa dawa, na zahanati ifunguliwe saa ambazo mchumaji anaweza kufika. Si kila homa ni malaria. Anayetibiwa malaria asiyokuwa nayo hucheleweshewa dawa ya ugonjwa alio nao.

Tatu, siku za ugonjwa zilipwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini apate, katika kila mwaka, siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Tena kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Sasa mashine zimechukua kazi nyingi na watu wa muda wamezidi. Ndio wanaoambiwa hawana haki. Wengine wanayo na hawajui. Waandikeni majina na tarehe walizoanza kazi.

Nne ni letu sisi wenyewe, na hapa hatuwezi kumnyoshea tajiri kidole. Mashimo ya matofali nyuma ya nyumba zetu tumeyachimba sisi. Tuyafukie. Chandarua si cha kufugia kuku. Na dawa ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu: vinne mara mbili kwa siku, na siku ya kwanza vile vya pili viliwe baada ya saa nane. Vimezwe pamoja na chakula au maziwa, hata mursik yafaa, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Vimezwe vyote, hata ukipona siku ya kwanza. Anayeacha katikati huwaacha hai wale wadudu wenye nguvu, naye huwapeleka kwa jirani.

Liko neno la mwisho. Tunasikia wengine wakisema malaria inaletwa na watu wa ziwani. Ndugu zetu, wachunguzi waliwauliza wagonjwa wa mashamba haya katika miaka ya 1990, wakaona kwamba wengi hawakuwa wamesafiri popote. Waliumwa na mbu hapa hapa, katika laini zao. Mbu hakuulizi Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii wala Mluhya. Tukianza kugawana lawama kwa kabila, shimo la maji litabaki wazi, zahanati itabaki imefungwa jioni, na atakayefurahi ni mbu.

Mvua iko karibu. Kila mjumbe arudi na jibu la maswali yale matatu ya kamati ya usalama kabla ya mkutano ujao. Tutayasoma majibu hapa, shamba kwa shamba, mbele ya wote.