Jino la Mwenzetu
(Maneno ya Kamati ya Mfuko wa Jamii, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Katibu amekwisha kusoma risala ya mapato na matumizi, na mafanikio yote tuliyoyapata kwa hisa zetu mmeyasikia. Sisi wa kamati ya mfuko wa jamii tumepewa robo saa tuzungumzie afya. Tulipokaa kutafuta la kusema, mmoja wetu akasema, "Basi tuseme la jino." Tukanyamaza wote, maana aibu ya lile jino ni yetu sisi, si ya mwenye jino. Mwenyewe yupo hapa, na ametupa ruhusa, ila jina tusilitaje.

Katika mwaka wetu wa nne, mwenzetu huyu alikuja kikaoni Alhamisi shavu limevimba. Akaomba mkopo wa dharura wa shilingi 40,000 akatibiwe jino. Tukafungua katiba. Kifungu kilisema mkopo wa dharura ni kwa msiba, uzazi na kulazwa hospitali. Jino halimo. Mmoja wetu akauliza, "Jino nalo ni ugonjwa?" na wengine tukacheka. Tukamwambia asubiri zamu ya mikopo ya kawaida, wiki sita. Hakubisha. Alirudi nyumbani akaweka karafuu, akawa ananunua vidonge vya maumivu dukani, leo viwili kesho vinne. Karafuu inatuliza kweli, bibi zetu hawakukosea, lakini inatuliza maumivu tu. Tundu linabaki pale pale na linazidi kwenda chini.

Ambalo sisi hatukulijua, wala yeye mwenyewe hakulijua, ni kwamba alikuwa na kisukari. Alikuwa na kiu isiyoisha, usiku anaamka mara nne kwenda haja ndogo, na mwili ulikuwa unapungua. Sisi tulimsifu kwamba amepungua amependeza. Jamani!

Wiki ya tatu uvimbe ukashuka chini ya taya, hata mate hawezi kumeza. Akapelekwa usiku kwa bajaji. Walipompima, sukari ilikuwa 24, kwa kipimo ambacho mtu mzima kabla ya kula asubuhi haitakiwi kufika 7. Akalazwa siku 11, akapasuliwa kutolewa usaha, aking'olewa magego mawili. Bima hakuwa nayo. Gharama zote zilifika shilingi 380,000. Hapo ndipo katiba ikamruhusu kukopa, kwa kuwa sasa amelazwa! Kikundi kilitoa sehemu, na shemeji yetu akauza mbuzi wawili kulipa zilizobaki. Sote tunajua mbuzi wale walikuwa ni ada ya shule.

Baadaye tulimwalika daktari wa meno kikaoni atueleze, maana baadhi yetu tulidhani ni husuda. Alitufahamisha kwamba kisukari na meno vinaendeshana. Sukari ikiwa juu kwenye damu, mdomo unakauka, na mate ndiyo yanayoosha meno. Vijidudu vinapata chakula, ufizi unavimba na kutoka damu, na kidonda hakiponi upesi. Halafu nao usaha wa jino unaipandisha sukari, hata kwa mtu anayemeza dawa zake vizuri. Kwa hiyo ukitibu kimoja ukaacha kingine, umejaza maji kwenye pakacha. Aidha alitukataza kumeza dawa za maumivu kiholela. Nyingi katika hizo, kama diklofenaki, zinaumiza figo, na mwenye kisukari figo zake tayari zina mzigo.

Tulimwuliza pia kuhusu siku ya kung'oa, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tunakwenda na njaa tukiogopa kutapika. Akasema kwa ganzi ya kawaida ya jino, mwenye kisukari ale na anywe dawa zake kama kawaida, aende asubuhi, na amwambie mganga kabla hajakaa kitini kwamba ana kisukari. Ukimeza dawa ya sukari ukakaa foleni hadi saa nane bila kula, sukari inashuka, unatetemeka jasho jembamba, unaweza kuzimia. Na uvimbe ukifika chini ya taya au shingoni, au kumeza kukiwa kugumu, usingoje kesho wala usingoje kikao.

Sasa kuhusu bima. Wakubwa kati yetu tunakumbuka hospitali za serikali kabla ya uchangiaji kuanza mwaka 1993. Tunafahamu pia Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipia shilingi 30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hatusemi bima haifai. Anayeweza, akate. Lakini kati yetu wapo waliokata wakaambiwa dirishani kwamba dawa hii nenda kanunue nje, na wapo ambao tarehe ya kulipia iliangukia mwezi wa kufungua shule. Ugonjwa haungojei.

Basi tulibadilisha katiba. Haikuwa rahisi, kikao kilikwenda hadi magharibi, na wengine walisema tutafilisika kwa meno ya watu. Siku hizi kila mwanachama anatoa shilingi 1,000 kwa wiki kwenye mfuko wa jamii, na mkopo wa meno, kisukari au presha hadi shilingi 50,000 unatolewa siku hiyo hiyo, bila riba, kwa miezi mitatu. Mweka hazina na mjumbe mmoja wanatosha kuuidhinisha. Hatujafilisika. Waliochelewa kurejesha ni wawili, na mmoja yuko kwenye kamati hii inayozungumza.

Tulinunua mashine ya kupimia sukari. Mashine siyo tatizo. Vijiti vyake ndivyo vinavyotumaliza, kwa sababu kila kipimo kinakula kimoja. Wenye kisukari kati yetu ni saba, na wawili wanachoma insulini. Mmoja hana friji. Dawa yake anaiweka ndani ya kopo lenye kifuniko, kwenye chungu kilichokaa juu ya mchanga unaolowanishwa kila siku, kivulini. Tulimwonyesha daktari, akakubali.

Jambo jingine ni la kuchekesha kidogo. Faini ya kuchelewa kikaoni ilikuwa soda. Tukawa tunachelewa kwa zamu na kunyweshana! Chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari karibu vijiko tisa vya chai. Faini sasa ni fedha taslimu, na mezani ni maji. Manung'uniko bado yapo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Daktari wa meno tunamfuata mbali, na wengi wetu tunafika jino likiwa limekwisha haribika, la kung'oa tu, wakati lingeweza kuzibwa. Tunaomba utusaidie kufikisha ombi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ili timu ya meno ifike kwenye zahanati yetu angalau mara mbili kwa mwaka. Ukumbi na chakula chao tutagharamia wenyewe.

Mashine iko mezani kwa katibu na vijiti 25 vimetengwa kwa leo. Wanaotaka kupimwa, wanaume pia, waje kabla ya pilau, siyo baada yake.