Filamu Niliyoitafsiri Vibaya

[Muziki wa kipindi unaingia, unashuka taratibu]

Leo nina deni la kulipa. Nililipata kwenye kibanda cha video, kabla sijawa mtangazaji.

Kazi ya VJ unaijua. Filamu inaongea Kiingereza, watu wamelipa kiingilio, wewe umeshika kipaza sauti unaeleza kila kitu na kuongeza chumvi ili wacheke. Mimi nilitafsiri kwa Kiswahili, nikichanganya na Kilingala. Filamu tulikuwa tunajaziwa kwenye flashi huko Arua, nyingi kwa mara moja, bila kuchagua. Siku moja nikafungua moja iitwayo Maurice. Niliona suti, farasi na magari ya zamani, nikafikiri ni ya wapelelezi.

Haikuwa ya wapelelezi. Iliongozwa na James Ivory na ikatoka mwaka 1987. Inaonyesha Uingereza ya miaka ya kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vijana wawili, Maurice na Clive, wanakutana katika chuo cha Cambridge. Ni watoto wa watu: Clive ana jumba, mashamba na watumishi, na anajiandaa kuingia siasa. Wanapendana. Halafu rafiki yao mmoja, mtu wa ukoo mkubwa, anakamatwa kwa kosa la kutaka mwanaume, na anahukumiwa miezi sita ya kifungo na kazi ngumu. Clive anaingiwa na hofu. Anamwacha Maurice na kuoa.

Maurice anamwendea daktari ili abadilishwe. Mwishowe daktari anamshauri ahamie nchi ambayo sheria haimfungi mtu wa namna yake, kama Ufaransa au Italia. Wewe na mimi ambao tulivuka mpaka na godoro kichwani tunaujua ushauri huo. Ni kumwambia mtu akawe mkimbizi.

Sasa, usiku ule mimi nilifanya nini? Kibanda kilijaa. Nilipoelewa filamu inakwenda wapi, niliogopa. Nikasema Maurice na Clive ni ndugu wa baba mmoja, wanagombania shamba. Walipokumbatiana, nikasema wamepatana kuhusu mpaka wa shamba. Watu wakapiga makofi.

Filamu ilipoisha, kijana mmoja wa bloki yetu alinisogelea. Akasema kwa upole, "Kaka, wale si ndugu. Mbona umewafanya ndugu?" Ningeweza kumjibu kwa sauti ya chini. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, nacho kilikuwa kimewashwa. Nikasema, "Kumbe wewe unawajua wale!" Kibanda kizima kikacheka.

Jina likamganda. Bombani wanawake walinyamaza akifika. Watoto wakapiga teke jerikeni zake. Baada ya wiki chache mawe yaliangukia turubai lake usiku. Asubuhi nyumba ilikuwa tupu, na sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga. Mpaka leo sijui kama alikuwa mtu wa namna ile, au alikuwa tu mtu anayesikia Kiingereza vizuri kuliko mimi.

Mimi sikurusha jiwe. Nilitoa jina tu, wengine wakarusha. Hilo ndilo deni langu.

[Muziki mfupi]

Baadaye nilitafuta habari za filamu ile. Imetokana na kitabu cha mwandishi Mwingereza, E. M. Forster. Alikiandika mwaka 1913 na 1914, akakificha. Waliokisoma ni marafiki aliowaamini. Kilichapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Alikuwa mtu mwenye jina na elimu, rafiki wa wakubwa, lakini aliogopa karibu maisha yake yote. Alikuwa na sababu. Mwaka 1895, Forster akiwa bado kijana, Oscar Wilde, mwandishi aliyealikwa katika nyumba za mabwana wa London, alifungwa miaka miwili na kazi ngumu kwa kosa hilohilo. Uingereza na Wales hazikuacha kuwafunga watu wazima kwa jambo la faragha mpaka 1967.

Kabla ya kuacha kwao, Waingereza walikuwa wameshaileta sheria hiyo huku. Iliingia katika kanuni za adhabu za Uganda wakati wa ukoloni, ikabaki baada ya Uhuru.

Na sasa ipo sheria mpya ya Mei 2023. Ni kali kuliko ile: ina kifungo cha maisha, kwa makosa mengine ina adhabu ya kifo, na anayehamasisha mapenzi ya jinsia moja anaweza kufungwa mpaka miaka 20. Ndiyo maana ninaongea kwa kipimo. Simhamasishi mtu yeyote. Nakueleza filamu, na nakueleza sheria, kwa sababu huku kambini watu wengi wanaijua nusu tu.

Nusu nyingine ni hii. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo, lakini ilifuta vifungu vinne. Kimojawapo ni kile kilichomlazimisha kila mtu kuripoti anayemshuku. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba usipomtaja jirani yako utafungwa, mwambie kifungu hicho kimefutwa. Na hakuna sheria ya Uganda inayokuruhusu kumpiga mtu, kumvunjia nyumba au kumfukuza bombani. Anayerusha jiwe ndiye mwenye kosa, hata kama bloki nzima inamshangilia.

Kampala nako walijaribu kusimulia habari hizi. Mwaka 2012 ilionyeshwa tamthilia, The River and the Mountain, kuhusu mfanyabiashara anayependa wanaume, ambaye mwishowe anauawa na watu anaofanya nao kazi. Mwingereza aliyeisimamia, David Cecil, alikamatwa. Kesi ilifutwa Januari 2013, na mwezi uliofuata akafukuzwa nchini. Katika tamthilia ile muuaji hakutoka mbali. Alikuwa mtu wa kusalimiana naye kila asubuhi.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Ukisikia jina la mtu likipita bombani au kwenye foleni ya chakula, lisikuzidi nguvu ukalipeleka mbele. Kama wewe ndiye unayetishwa, kwa sababu yoyote ile, mwone afisa wa ulinzi, uombe kuongea naye mkiwa wawili tu. Huhitaji kumweleza mtu wa foleni umefuata nini.

Na wewe kaka yangu, kama unasikiliza popote ulipo: wale hawakuwa ndugu. Ulisema kweli. Nisamehe.

Mimi ni mtangazaji wako wa Koboko. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.

[Muziki wa kipindi unapanda, mwisho]