MPINGO SI KUNI
(Maneno ya Katibu wa Kamati ya Misitu kwenye mkutano wa wanachama)



Mpingo wazee wetu walichongea michi ya vinu, vitana na vinyago. Mizizi walichemsha, dawa ya tumbo. Ulaya wanatengenezea klarineti. Lakini mti huu hukomaa kwa miaka 70 hata zaidi. Ukikata mchanga, umemwibia mjukuu wako.

Wenzetu wa Kikole na Kisangi, Wilaya ya Kilwa, walitunza msitu wao, na mwaka 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha kuvuna magogo kwa mpango.

Sisi je? Juzi tumekuta visiki 4 vibichi kule bondeni. Aliyekata anajijua, sitamtaja. Aje mwenyewe kwenye kamati kabla ya kikao kijacho.

Msitu ni mali yetu sote.