Mbio za Baiskeli Matopeni: Msimu Mmoja Katika Safu ya Nyuma

(Haya ni maneno ya mwanachama wetu anayeishi Leeds, Uingereza, aliyoyasema katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kuwa sisi wazee tumewanyang'anya viti (kicheko), nawasalimu nyote.

Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, aliniambia nichague jambo lolote, mradi nisiguse siasa na nisipite dakika 20. Nimechagua michezo. Wapo humu ukumbini wanaonifahamu tangu kidato cha kwanza, nao watashangaa, maana sikuwahi kuchaguliwa katika timu yoyote ya shule hii, hata ile ya kubeba maji ya wachezaji. (Kicheko.) Sasa nina umri wa miaka 51, ni fundi wa mabasi katika gereji moja ya Leeds, na msimu uliopita nilishindana katika mbio 10 za baiskeli. Sikushinda hata moja. Ndiyo maana naona ninalo la kuwaambia.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huo huitwa saiklokrosi, na kwa lugha yetu tunaweza kuuita mbio za nyika za baiskeli. Msiufananishe na mbio za barabarani, kama zile za ubingwa wa dunia zilizofanyika kwa jirani zetu, Kigali, mwezi Septemba 2025, zikiwa za kwanza za aina hiyo kufanyika Afrika. Wale huenda juu ya lami kwa saa nyingi. Sisi huzunguka ndani ya bustani ya umma, au kiwanja cha shule, au shamba la mtu, katika njia ya kilometa 2 au 3 iliyowekewa utepe pande zote mbili, tena na tena mpaka muda uishe. Walio katika umri wa nguvu hushindana kwa muda wa saa moja. Sisi tuliovuka miaka 50 hupewa dakika 40.

Njiani huwekwa vikwazo kwa makusudi: mbao zilizosimamishwa, zisizozidi sentimita 40 kwenda juu, ngazi, mchanga, na vilima visivyopandika kwa pedali. Ukifika hapo unashuka baiskeli ingali mwendoni, unaitia begani, unakimbia nayo, kisha unairukia tena na kuendelea. Huku kwetu mtu akionekana amebeba baiskeli begani, ujue mto umefurika. Kule ndio mchezo wenyewe.

Ulianzia Ufaransa. Askari mmoja, Daniel Gousseau, aliandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa nchi hiyo mwaka 1902, na waendeshaji wa barabarani wakaona ni njia nzuri ya kutunza nguvu zao wakati wa baridi. Ubingwa wa dunia ulianza mwaka 1950 huko Paris, akashinda Mfaransa Jean Robic. Wanawake wakasubiri hadi mwaka 2000 ndipo wapate ubingwa wao. Mbelgiji Eric De Vlaeminck alitwaa ubingwa mara 7 kati ya 1966 na 1973. Na mji ninaoishi mimi umemtoa Tom Pidcock, bingwa wa dunia wa mwaka 2022. Nawatajia majina haya ili mjue kwamba mchezo huu una wakubwa wake. Habari zangu zatoka upande wa pili wa orodha.

MSIMU

Sikuingia kwa kutafuta sifa. Nilikwenda kupimwa, nikaambiwa shinikizo la damu limepanda. Baba yangu alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 56, kwa hiyo hesabu ya kutoa niliifanya upesi. Kijana mmoja wa gereji akanialika Jumapili moja nikatazame mbio. Nilitazama, na wiki mbili baadaye nikanunua baiskeli iliyokwisha kutumika.

Mbio huanza Septemba na kwisha Januari, karibu kila Jumapili. Mwezi wa Septemba ardhi bado ni kavu, na mtu anaweza kudanganyika akadhani mchezo ni rahisi. Katika mbio za kwanza tulikuwa watu 96 wa rika letu. Nikawa wa 88. Nilipovuka mstari nililala chini ya mti, na mama mmoja aliyeleta watoto wake kwenye mbio za wadogo akaniuliza kama aite gari la wagonjwa. (Kicheko.)

Oktoba mvua ikaanza, na Novemba likaja tope. Sisemi tope la kuchafua viatu. Nasema tope ambalo huishika baiskeli ya kilo 10 ikawa nzito kama gunia. Hapo nilijifunza mambo ambayo fundi baiskeli wa huku angeyacheka. Tairi hatulijazi hewa likawa gumu, bali tunaliacha na pauni 25 hivi, mpaka likibonyezwa kwa kidole gumba linabonyea, ili lishike ardhi. Kwenye utelezi hufungi breki kwa hofu. Unaiachia baiskeli itafute njia yake, kama unavyomwachia punda kwenye mteremko. Na penye tope zito anayeshuka mapema na kukimbia humpita anayeng'ang'ania kupanda.

Wenye uwezo huwa na baiskeli ya pili. Sheria inaruhusu kubadili katika sehemu maalumu, na wakati wewe unazunguka, ndugu au rafiki anaiosha ile chafu. Mimi nilikuwa na moja. Jumapili moja ya Novemba majani na tope viliziba kile chuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kikakatika ukibaki mzunguko mmoja na nusu. Nikaitia baiskeli begani, nikakimbia. Nilikuwa wa 97 kati ya 97. Karani wa mbio aliandika jina langu na namba yangu kwa mwandiko uleule aliomwandikia mshindi.

Desemba ni mwezi wa baridi. Ninyi mnaosoma hapa mnaijua sakitu ya alfajiri ya mwezi wa sita. Basi kule sakitu hukaa mchana kutwa, na nyayo za jana hugeuka mawe. Vidole hufa ganzi, na ukimaliza huwezi kujifungua kamba za viatu. Katika mbio hizo mara nyingi nilikuwa mtu mweusi peke yangu kwenye mstari wa kuanzia. Baada ya mzunguko wa pili sote tulikuwa wa rangi moja. (Kicheko na makofi.)

MZEE WA NAFASI YA 83

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko wa Katibu.

Katika mashindano makubwa ya dunia, mtu anayeachwa sana na kiongozi huondolewa njiani kabla hajapitwa. Ni sawa, kwa sababu pale watu wanatafuta bingwa. Katika ligi yetu ya jimbo haiwi hivyo. Ukipitwa, unakaa pembeni kidogo, mwenye mbio anapita, nawe unaendelea. Kiongozi akimaliza, kila mtu humaliza mzunguko alio nao, na kila mtu huandikwa nafasi yake, kuanzia wa 1 mpaka wa mwisho.

Kwa sababu ya utaratibu huo nilimpata mshindani wangu. Alikuwa mzee wa miaka 68, mstaafu wa posta, mwembamba kama fimbo ya mwalimu. Katika mbio za pili alinipita hatua chache kabla ya mstari, yeye akawa wa 83, mimi wa 84. Katika mbio za tatu nikamlipa. Tangu siku hiyo kila Jumapili tulitafutana kwa macho kwenye mstari wa kuanzia. Huko mbele watu waligombea ushindi. Sisi huku nyuma tuligombea nafasi ya 80 na kitu kama ndugu wanaogombea shamba la urithi. Alinizidi kwenye tope, kwa kuwa alijua kukimbia na baiskeli. Nilimzidi kwenye vilima. Kabla ya mbio za mwisho za Januari tulikuwa tumeshindana mara 8, kila mmoja ameshinda mara 4.

Siku hiyo sikumwona mshindi hata kidogo. Nilisikia tu jina lake kwenye kipaza sauti. Nilichokiona kwa dakika 40 ni mgongo wa yule mzee. Mzunguko wa mwisho tulifika kwenye mbao pamoja, tukaruka pamoja, tukapanda pamoja. Alinishinda kwa gurudumu moja. Akanishika mkono, akasema tutaonana Septemba. Nikamjibu kwamba nitakuwepo.

Wanafunzi, fikirini hili. Kama ligi ile ingeandika kumi bora tu, kisha ikawaambia wengine asanteni kwa kuja, yule mzee na mimi tusingekuwa na mchezo. Tungekuwa watu wawili waliochafuka. Mimi ningerudi mara moja au mbili, kisha ningeacha, na daktari angeendelea kuniandikia vidonge. Mwezi wa Februari nilipimwa tena, na shinikizo lilikuwa limeshuka.

Kuna jambo la pili. Nimekaa Leeds miaka 9, na kabla ya msimu ule watu niliowajua kwa majina walikuwa wa gereji tu. Klabu zile kila moja huandaa mbio za Jumapili moja kwa zamu. Zamu yetu ilipofika tulikutana saa 12 alfajiri, gizani, kupigilia vigingi na kufunga utepe. Mwalimu alikuwepo, seremala alikuwepo, daktari wa meno alikuwepo na nyundo yake. Hakuna aliyelipwa. Siku hiyo sikushindana. Nilisimama kwenye kona moja na kipenga, nikaangalia mbio zote, kuanzia za watoto wa miaka 7 hadi za wenzangu. Jioni tuling'oa vigingi na kuokota takataka mpaka bustani ikawa kama tulivyoikuta. Nilirudi nyumbani nikiwa na watu.

HOJA YANGU

Sikuja kuwaambia mcheze saiklokrosi hapa. Baiskeli za vijiji hivi zina kazi ya kubeba maziwa, mkaa na wagonjwa, wala sipendi kuona moja inavunjwa kwa mchezo. Lakini mbio za nyika kwa miguu tunazijua. Wenzangu mnakumbuka Jumamosi ile ya muhula wa kwanza, shule nzima ilipokimbia mpaka kilimani na kurudi. Nilikuwa sifiki mapema, ila nilikuwa nafika. Mwalimu wa Michezo ameniambia jana kwamba siku hizi wanakimbia wale tu wanaotayarishwa kwa UMISSETA. Wengine wote hukaa kando ya uwanja na kushangilia, na wakimaliza kidato cha nne hawakimbii tena maisha yao yote. Tazameni vitambi vyetu tulioketi huku mbele. (Kicheko.)

Sote tunamheshimu John Stephen Akhwari, aliyefika wa mwisho katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Walianza watu 75, wakamaliza 57. Yeye alikuwa wa 57. Tunasahau kwamba miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa 5 katika mbio hizohizo. Mtu wa nafasi ya 57 na mtu wa nafasi ya 5 alikuwa mmoja. Kama wazee wetu wasemavyo, kutangulia si kufika.

Katika ajenda ya mkutano huu nimeona pendekezo la kununua kombe kubwa la fedha la kumpa mwanamichezo bora wa shule kila mwaka. Nia ni njema. Lakini kombe lile atalinyanyua kijana mmoja, na mara nyingi ni yule ambaye angekimbia hata bila kombe. Kwa hiyo napendekeza kama ifuatavyo.

Kwanza, fedha hizo zitumike kurudisha mbio za nyika za shule nzima, mara moja kila mwaka. Vitu vinavyohitajika ni kamba, vigingi, kengele, namba za vitambaa na daftari moja kubwa.

Pili, katika daftari hilo aandikwe kila aliyefika, wa kwanza hadi wa mwisho, na nafasi za wote zihesabiwe kwa bweni, ili yule wa 300 ajue kwamba akimpita wa 299 ameliongezea bweni lake.

Tatu, sisi wanachama tuje siku moja kabla, tupigilie vigingi kwa mikono yetu, na asubuhi yake tukimbie katika kundi letu la umri, tuandikwe katika daftari lilelile. Mgonjwa au asiyeweza kukimbia atapewa kipenga na kona ya kusimamia.

Mimi likizo yangu naweza kuipanga. Nikitoka matopeni mwezi wa Januari, mwezi wa Machi nitakuwa hapa na nyundo yangu, na ninatafuta mtu wa rika langu wa kugombea naye nafasi ya nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. (Makofi.)