Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda na Operesheni ya Tumbo ya Dharura
(Mazungumzo ya Ofisa Habari kwa watumishi na wananchi)



Wamo miongoni mwetu hapa Visiwani wenye jamaa Chinongwe, upande wa Ruangwa na Nachingwea, ambao huvuka bahari kwenda kuwazuru nyakati za arusi na misiba. Msafiri aliyewekewa vali ya bandia ya moyo ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote. Huyo ndiye ninayemkusudia leo.

Warfarini huzuia damu kuganda kwa kupinga kazi ya vitamini K katika ini. Ni kweli kwamba mwaka 1948 iliuzwa Marekani kuwa sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Habari hiyo isimtie mgonjwa hofu, maadamu anapimwa damu yake kwa wakati.

Shida huanza tumbo linapouma ghafla. Aghalabu mtu hukimbilia duka la dawa kununua metronidazoli. Dawa hiyo huiongezea warfarini nguvu. Na akimeza diklofenaki au asprini juu yake, hatari ya kutokwa na damu huzidi. Siku mbili tatu baadaye anafikishwa hospitali, utumbo umejisokota au kidole tumbo kimepasuka, naye hawezi tena kujieleza. Daktari asiyearifiwa anaweza kumchoma sindano ya ganzi ya mgongoni, damu ikavujia penye uti. Au akampasua tumbo, damu isikatike.

Akiarifiwa mapema, anayo njia. Vitamini K ya mshipani huanza kusaidia baada ya saa kadhaa. Plazima, yaani maji ya damu, husaidia upesi zaidi, mradi ipatikane. Isipopatikana, mgonjwa hana budi kusafirishwa hadi hospitali ya rufaa, kama ile ya Ndanda, na muda wa njiani ni mali yake.

Wala asiache dawa mwenyewe kwa kuogopa safari: damu huweza kuganda kwenye vali, akapatwa na kiharusi.

Basi kadi ya kliniki ikae mfukoni, si ndani ya sanduku. Mwenyeji wa Chinongwe aambiwe jina la dawa na saa inapomezwa. Nasikitika kusema kwamba wapo wanaume wanaowaficha dawa hii hata wake zao, na mke ndiye atakayeulizwa na daktari usiku wa manane.