Mulifika Wapi? Maneno Yetu kwa Wazazi katika Mukutano wa Bulengera



Tukikusanyika hapa, mara nyingi tunazungumuzia mbegu, mabati na feza za masomo. Leo tunapenda kuzungumuzia jambo ambalo wengine watasema ni la watoto tu: kucheza.

Tulirudi, ndiyo. Lakini mioyo ya wengi wetu bado haijarudi. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalianza katika eneo la Beni, familia zetu zimekimbia mara moja, mara mbili, wengine hawahesabu tena. Kisha Ebola ikaja mu 2018, na karibu miaka miwili tukaogopa hata kusalimiana kwa mukono. Mutu aliyepita mambo kama hayo, upepo ukipiga mulango, anaruka. Usiku halali. Asubuhi mutoto akimwanga maji kidogo, anapigwa sana. Haiko juu ya maji. Ni ule woga wa zamani wenye kumwangukia mutoto. Tuseme ukweli: hata sisi wa kamati, wamo kati yetu waliofanya vile.

Hapa karibuni watoto wa avenue yetu walikuwa wanacheza "kukimbia". Mumoja alipiga kelele, wengine wakajitwika vifurushi vya majani, wakajificha nyuma ya nyumba. Baba mumoja akatoka na fimbo: "Mambo ile musiifanye hapa!" Watoto wakanyamaza, ji! Lakini mama yake na yule baba, mwenye kuzeeka, akaikaa chini karibu yao, akauliza: "Na kisha? Mulifika wapi?" Mutoto mudogo kabisa akajibu: "Tulifika kwa koko, akatupatia bugali." Basi wakapika bugali wa udongo, koko akajifanya anakula, akasifu mupishi. Yule baba akaweka fimbo chini. Kisha akaomba sahani yake.

Mutoto hana maneno mengi ya kueleza mambo aliyoona. Anayaeleza kwa muchezo. Tukimukataza, woga unabaki ndani. Tukiikaa karibu, anaweza kuona kama ile safari ina mwisho, na kwenye mwisho kuko watu wanaomupokea. Muzazi pia anapata faida. Ukiruka kamba na kucheka, pumzi inatulia, mabega yanalegea, na kwa dakika kumi kichwa kinaacha kuzunguka.

Jambo hili tuliliona wakati wa Ebola. Katika Beni na Butembo, mama waliopona ugonjwa ndio walilinda watoto wadogo ambao wazazi wao walikuwa wanatunzwa. Waliweza kuwabeba na kucheza nao, juu miili yao ilikuwa na kinga. Dawa na chakula vilikuwa vya lazima, lakini mutoto alihitaji pia mukono wa kumubeba.

Hata Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mutoto ya 1989, kifungu cha 31, yanasema mutoto ana haki ya kupumuzika na kucheza.

Basi tunaombana nini? Kila jioni, mbele ya kulala, dakika kumi na tano. Mutoto achague muchezo: mupira wa majani ya ndizi, kamba, vijiwe, ao mafumbo kwa Kinande. Simu iwekwe mbali. Baba asiseme "hiyo ni kazi ya mama". Muchezo wa kujificha ukimutisha mutoto, muuache, muchukue mwingine. Na kama mutoto anaendelea kukataa kusema, ao ndoto mbaya hazimuachi, asichekwe wala asipigwe. Mumupeleke kwenye kituo cha afya.

Kucheza hakurudishe shamba, na hakufufue wale tuliozika. Njaa ikiwa ndani ya nyumba, hata kicheko kinachoka haraka. Ndiyo sababu, wahisani wetu, hatuombe midoli. Tunaomba muendelee na mbegu, na mutusaidie kupata kiwanja chenye uzio, mahali watoto wanaweza kukimbia bila mutu kuwafuata.

Na sisi wazazi, leo jioni tukifika nyumbani, tuikae chini. Tuwaulize: "Na kisha?"